Mpira tunao, filamu zetu ziko wapi? Barua ya wazi kutoka Pemba kwa wenye dhamana ya michezo na utamaduni Zanzibar

Kwa:
Wizara yenye dhamana ya utamaduni na michezo, Zanzibar
Shirikisho la Mpira wa Miguu Zanzibar (ZFF)
Baraza la Sanaa, Sensa ya Filamu na Utamaduni Zanzibar (BASSFU)
Waandaaji wa Tamasha la Filamu la Nchi za Jahazi (ZIFF)
Shirika la Utangazaji Zanzibar (ZBC)

Waheshimiwa,

Assalaam alaykum.

Naandika kutoka Wete, nikiwa mtazamaji na si zaidi ya hapo: sikuwahi kucheza mpira wa kulipwa, sikuwahi kushika kamera, wala sina cheo katika klabu au chama chochote. Ninapenda vitu viwili, mpira wa miguu na filamu za tamthilia, yaani zile zinazosimulia maisha ya watu badala ya mapigano na magari yanayoripuka, na vyote viwili navifuatilia kwa umakini ambao wenzangu wa barazani wanaona umezidi. Nimeamua kuwaandikia nyote kwa barua moja kwa sababu Serikali yetu imezoea kuuweka mpira na utamaduni chini ya wizara moja, nami kwa muda mrefu nimekuwa nikisubiri kuiona faida ya ujirani huo.

Nianze na shukrani, na sizitoi kwa ajili ya kutimiza adabu tu. Kombe la Mapinduzi la mwaka 2025 lilipoletwa Pemba na kufanywa la timu za taifa, walikuwepo waliosema kuwa Gombani, uwanja wetu wa Chake Chake, haitaliweza. Iliweza. Tarehe 13 Januari 2025 timu yetu ya Zanzibar Heroes iliifunga Burkina Faso mabao 2-1, kombe likabaki nyumbani, na kwa Mpemba aliyezoea kuisikiliza fainali ya Mapinduzi redioni au kupanda boti kuifuata Unguja, siku ile ilikuwa na uzito ambao pengine aliyeko mjini hawezi kuuhisi. Nawashukuru kwa uamuzi ule, na barua hii isisomwe kuwa ni ya mtu asiyeona mema.

Amaan nayo, kule Unguja, imekuwa kiwanja kingine kabisa tangu kufunguliwa upya mwishoni mwa mwaka 2023. Tarehe 25 Mei 2025 ilipokea mchezo wa marudiano wa fainali ya Kombe la Shirikisho la Afrika baina ya Simba na RS Berkane ya Morocco, mchezo uliohamishwa kutoka Uwanja wa Benjamin Mkapa, Dar es Salaam. Simba ilikuwa imeshafungwa 2-0 ugenini. Bao la mapema la Joshua Mutale likaamsha matumaini, kadi nyekundu ya Yusuf Kagoma katika kipindi cha pili ikayapunguza, bao la Steven Mukwala likakataliwa baada ya mwamuzi kwenda kuangalia video, na katika dakika za nyongeza Berkane wakasawazisha na kuondoka na kombe kwa jumla ya mabao 3-1. Mimi ni wa upande wa pili wa Kariakoo, na nilikuwa nimejiandaa kuifurahia jioni ile. Badala yake nilijikuta namwonea huruma kila mchezaji mwenye jezi nyekundu. Timu iliyopungua mtu mmoja, inayohitaji bao, inayopewa bao hilo kisha ikanyang'anywa, na ambayo bado inakimbia, ni tamthilia iliyokamilika, na mtunzi angekaa mwaka mzima mezani bila ya kupata mpangilio wa matukio ulio bora kuliko ule.

Hapo ndipo lilipo shauri langu. Mnatuletea mpira mzuri, lakini mnatuletea kama tukio la siku moja linalokuja, likapita na likasahauliwa, bila ya hadithi yoyote kubaki nyuma yake. Na filamu, ambayo ndiyo kazi yake kuhifadhi hadithi, imeachwa iwe jambo la wiki moja ya mwaka pale Ngome Kongwe, ikitazamwa zaidi na wageni na wakaazi wachache wa mjini. Vitu viwili vilivyokuwa vifae kusaidiana vinaishi kama watu wasiojuana.

Chukueni mfano wa mwezi wa Agosti 2025. Amaan ilikuwa kituo cha Kundi D la CHAN, mashindano ya wachezaji wa ligi za ndani yaliyoandaliwa kwa pamoja na Tanzania, Kenya na Uganda, na wageni wetu walikuwa Senegal, Nigeria, Sudan na Congo. Kwa mpenzi wa mpira, hadithi ya kundi lile ilikuwa Sudan. Ni nchi iliyomo vitani tangu Aprili 2023, timu yake inachezea ugenini hata inapoitwa mwenyeji, na kocha wake wakati ule alikuwa Mghana, Kwesi Appiah, aliyekubali kuwafundisha vijana wasio na nyumbani kwa kurudi mazoezini. Vijana hao wakaifunga Nigeria 4-0 mbele ya macho yetu, kisha katika robo fainali, papo hapo Amaan, wakaitoa Algeria kwa mikwaju ya penalti. Watu wetu waliwashangilia kwa moyo mweupe. Lakini waulizeni washangiliaji wale Wasudani ni watu gani, wanagombana kwa nini, waliishi vipi kabla ya vita. Wengi wetu tulijua jezi tu.

Kumbe jibu lilikuwepo, tena limeshatengenezwa na Msudani mwenyewe. Mwaka 2023 Mohamed Kordofani alitoa filamu yake iitwayo Goodbye Julia, filamu ya kwanza ya Sudan kuingia katika orodha rasmi ya tamasha la Cannes. Inaanza Khartoum mwaka 2005, katika ghasia zilizofuatia kifo cha John Garang, kiongozi wa watu wa Sudan ya kusini. Mona, mwanamke wa kaskazini aliyeacha uimbaji kwa sababu mumewe hataki, anamgonga kwa gari mtoto wa Kisudani wa kusini na kukimbia. Baba wa mtoto anamfuata kwa pikipiki, na Mona anampigia simu mumewe kumwambia kuna mtu anamwandama. Mume anatoka na bunduki. Baadaye Mona anamtafuta mjane wa yule mtu, Julia, na kumchukua kama mtumishi wa nyumbani, amlishe yeye na mwanawe, amsomeshe mtoto, bila ya kumwambia kwa nini anamfanyia wema huo. Sitoimaliza hadithi, kwa sababu nataka muioneshe.

Kwa maoni yangu hii ndiyo filamu bora ya tamthilia iliyotoka ukanda wetu kwa miaka ya karibuni, na sababu yangu si picha zake, ingawa ni nzuri, bali ni jinsi ilivyokataa kumfanya yeyote kuwa shetani. Hata mume wa Mona, ambaye mtunzi mvivu angempa sura ya jini, anakula, anacheka, anatengeneza samani, anampenda mkewe, na papo hapo anawataja watu wa kusini kwa maneno ambayo hajawahi kujiuliza ameyapata wapi. Mtazamaji anakaa na dhambi ya Mona kwa saa mbili na anaanza kuhesabu mambo ambayo katika ukoo wake mwenyewe hayasemwi. Sisi wa visiwa hivi, ambao tuna historia ya majirani kutoambiana, tungeielewa filamu ile bila ya mwalimu. Nina yakini kuwa lau ingeoneshwa Amaan au Forodhani katika usiku mmoja usiokuwa na mechi, ushangiliaji wetu kwa Sudan dhidi ya Algeria ungekuwa na sauti nyingine.

Senegal nao wana hadithi ya kusimuliwa, ingawa mkono uliotengeneza filamu ninayoikusudia ni wa Mtaliano, Matteo Garrone. Io Capitano, ya mwaka 2023, inawafuata vijana wawili wa Dakar, Seydou na Moussa, wanaotoroka nyumbani kwenda kutafuta umaarufu wa muziki Ulaya, wakapita jangwani, wakapita kwenye magereza ya Libya, hadi siku kijana asiyejua hata kuogelea anapokabidhiwa usukani wa meli iliyojaa watu. Wahusika wanazungumza Kiwolofu kwa sehemu kubwa, na huo ni ushahidi tosha kwa wanaodai kuwa filamu haiendi nje isipokuwa kwa Kiingereza. Nina lawama moja: kuna mandhari jangwani ambapo mwanamke aliyekufa kwa uchovu anaonekana akielea hewani huku kijana amemshika mkono, na wahakiki wengi wameisifu, mimi naiona imezidi, kwa sababu uso wa yule kijana mwanzoni ulikuwa umeshasema kila kitu. Lakini kijana wa Pemba anayelala akiota Muscat au Ulaya anastahili kuiona filamu hii kabla ya kumwona wakala wa safari.

Nigeria ilikuwa na ya kwake pia, My Father's Shadow ya Akinola Davies Jr., kisa cha watoto wawili na baba yao kwa siku moja ya mwaka 1993 katika jiji la Lagos, wakati wa uchaguzi uliofutwa. Ilioneshwa Cannes mwezi wa Mei 2025, ikiwa ya kwanza kutoka nchi hiyo kuingia katika orodha rasmi, miezi mitatu tu kabla ya Wanaijeria kuteremka Zanzibar na kufungwa yale mabao manne. Kisiwani Pemba hakuna pa kuitazama.

Kwa hiyo katika mwezi mmoja tulikuwa na wageni kutoka nchi nne, na angalau tatu kati yake zilikuwa na filamu mpya zinazozungumzwa duniani kote, ilhali wizara yenye mpira ndiyo yenye utamaduni, na hakuna aliyeziunganisha nukta hizo. ZIFF hufanyika katikati ya mwaka, kwa hiyo lilikuwa limeshapita. Ratiba ya CHAN ilitengenezwa na watu wa mpira, nao hawakuwa na sababu ya kufikiria filamu. Sioni kuwa kuna mtu aliyefanya kosa. Naona kuwa kila ofisi ilifanya kazi yake vizuri na ikafunga mlango.

Wazee wetu hawakuwa hivi. Mjini Unguja palikuwa na Majestic pale Vuga, palikuwa na Empire na Cine Afrique, na hata Wete penyewe palikuwa na jumba la sinema, ambapo watu walivaa nguo zao nzuri, familia kwa familia, kwenda kulia na kucheka kwa hadithi za Misri na India. Mpira ulichezwa jioni na sinema ikafuata usiku, na watu walewale walikuwepo kote kuwili. Leo filamu tunaziona vibandani. Simdharau mwenye kibanda: kwa mabenchi yake, jenereta yake na skrini yake ndogo, yeye ndiye aliyebakia kuwakusanya watu watazame kitu pamoja, na laiti si yeye tungekuwa kila mtu na simu yake chumbani. Lakini kibanda kinaendeshwa na ligi ya Uingereza. Nimeshawahi kukatiwa filamu kabla ya mwisho wake kwa sababu saa ya mechi ya Arsenal imefika, na nilipolalamika niliambiwa, kwa heshima zote, kuwa filamu ile ilikuwa na mteja mmoja na mechi ina wateja sitini. Hesabu ile siwezi kuipinga. Ndiyo maana nasema kazi ya kuionesha filamu ya tamthilia haiwezi kuachiwa soko peke yake, kama vile Gombani isingejengwa na mwenye kibanda.

Sasa nije kwenye filamu ya nyumbani, kwa sababu huenda mkasema kuwa natamani za watu. Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, iliyotoka mwaka 2021 kutokana na riwaya ya Adam Shafi, ilianzia safari yake katika tamasha la Toronto na baadaye ikateuliwa kuiwakilisha Tanzania kwenye mashindano ya Oscar. Imepigwa Mji Mkongwe, inazungumza Kiswahili chetu, na kisa chake ni cha hapa: Yasmin, binti wa Kihindi anayeikimbia ndoa ya kulazimishwa, na Denge, kijana anayepigania uhuru katika Zanzibar ya miaka ya hamsini. Riwaya yenyewe imesomeshwa katika skuli zetu kwa miaka. Ukienda leo katika skuli yoyote ya sekondari hapa Pemba utakuta mwanafunzi anayeweza kukuandikia kurasa tatu juu ya usawiri wa Denge, na ambaye hajawahi kuiona hata dakika moja ya filamu hiyo. Toronto wameiona. Micheweni hawajaiona.

Nina maoni yangu juu yake, na nitayasema kwa sababu filamu isiyojadiliwa na watu wake haijafika nyumbani. Wanaoijua riwaya hulalamika kuwa mengi yamekatwa, na ni kweli. Lakini nadhani mwongozaji alifanya vyema kutojaribu kubeba kitabu kizima, akachagua mapenzi na uchochoro na kimya. Ambapo simuungi mkono ni pale picha inapokuwa nzuri mno hadi njaa na hofu ya wakati ule vinapoteza makali. Ukuta uliopasuka unapigwa picha kwa mahaba kiasi kwamba mtu anasahau kuwa kuna watu wanaoishi nyuma yake wakiogopa polisi. Hata hivyo, sauti za watu wa mitaa ya Ng'ambo, ngoma, na namna mwanamke anavyomnyamazisha mwanamme kwa jicho tu, hayo hayawezi kutengenezwa na mtu wa nje. Mnaweza kunipinga, na ningependa sana kupingwa na watu mia tatu waliokaa pamoja wakaitazama.

Kwa wenzetu wa BASSFU nina neno fupi. Najua uzito wa amana yenu katika nchi ya Waislamu, na mimi ni mzazi, sitaki kila kitu kioneshwe mbele ya watoto. Naomba tu mkaguzi anapokaa na filamu ya tamthilia akumbuke kuwa toba haieleweki bila ya kosa kuonekana, na kuwa filamu inayoonesha mume akimdhulumu mkewe huenda ndiyo inayomtetea mke huyo. Pangeni umri, pangeni saa, ondoeni kisichovumilika, lakini msiipime hadithi kwa kipande kimoja kilichotolewa katikati.

Na kama kuna hadithi moja ya mpira ambayo ingenifanya niombe fedha za umma zitumike kutengeneza filamu, basi ni ya mwaka 2017. Ikumbukeni. Tarehe 16 Machi, kwenye mkutano mkuu wa Shirikisho la Mpira wa Miguu Afrika (CAF) mjini Addis Ababa, mkutano uleule uliomwangusha rais wake, Issa Hayatou, Zanzibar ikapokewa kuwa mwanachama kamili wa 55. Watu walilia barabarani. Mwezi wa Julai, mjini Rabat, uanachama huo ukafutwa, kwa hoja kuwa nchi moja haiwezi kuwa na vyama viwili. Ukiishia hapo ni habari ya gazeti tu. Lakini mwezi wa Disemba, timu ileile iliyoambiwa kuwa haina nchi ikaenda Kenya kwenye Kombe la Chalenji la Afrika Mashariki na Kati chini ya kocha Hemed Suleiman, maarufu Morocco, ikaifunga Rwanda 3-1, ikaifunga Tanzania Bara 2-1, ikawatoa Uganda 2-1 katika nusu fainali, na katika fainali kule Machakos dhidi ya mwenyeji ikatanguliwa mara mbili na mara mbili Khamis Mussa akasawazisha, hadi tukashindwa kwa penalti. Hili lilikuwa karibu sana na kuurejesha ule ubingwa wa mwaka 1995, ambao hadi leo ndio pekee tulionao katika kombe hilo.

Miezi tisa, kutoka Addis Ababa hadi Machakos. Kuna furaha, kuna kunyang'anywa, kuna kundi la vijana wanaocheza kana kwamba wanaandika barua ya rufaa kwa miguu. Hakuna mtunzi aliyeambiwa aiandike. Picha za mikutano, sauti za watangazaji, mapokezi ya timu uwanja wa ndege, vyote vimo katika kumbukumbu za vyombo vya habari, na wachezaji wenyewe wangali hai na wengi wao wanapatikana. Hemed Morocco alikuja kuifundisha Taifa Stars, timu ya taifa ya Tanzania. Naiomba ZBC ifungue kumbukumbu zake kwa watengenezaji filamu vijana bila ya kuwatoza ada wasiyoimudu, na ZFF iwape ruhusa na ushirikiano. Wasifanye filamu ya kusifu. Wafanye filamu ya tamthilia, yenye mchezaji anayegombana na baba yake, yenye mke anayengoja posho isiyofika, yenye kiongozi anayerudi na habari mbaya asijue aanzie wapi.

Juu ya ligi yetu nitapita kwa haraka, kwa kuwa wengine wanaijua zaidi. Mabingwa wa miaka ya karibuni wamekuwa KMKM, JKU na Mlandege, na timu za vikosi vya Serikali, kama KMKM na JKU, zina nguvu kwa sababu mchezaji wake ana mshahara na ajira. Sioni ubaya, ila timu ya mtaa inahitaji kitu cha kumvutia mtu, na kitu hicho ni kujulikana. Feisal Salum alipita JKU na Ibrahim Bacca alipita KMKM kabla ya Dar es Salaam kuwafanya nyota. Feisal alipofunga dhidi ya Tunisia kwenye Kombe la Mataifa ya Afrika (AFCON) kule Morocco, bao lililoivusha Taifa Stars hatua ya makundi kwa mara ya kwanza, Zanzibar nzima ilijigamba. Lakini alipokuwa akicheza hapa nyumbani, ni wangapi walikwenda kumtazama? Tunampokea mchezaji wetu baada ya wengine kutuhadithia kuwa ni mzuri. Na kwa filamu tunafanya vivyo hivyo.

Ninachoomba hakihitaji jengo jipya. AFCON ya mwaka 2027 imepewa Kenya, Uganda na Tanzania, na najua mipango mikubwa ya viwanja inaendelea, hiyo iendelee. Mimi naomba kwamba kila panapokuwa na mashindano Amaan au Gombani, ratiba ya mechi na ratiba ya filamu zitengenezwe meza moja, na kwamba katika siku za mapumziko ioneshwe filamu kutoka nchi mojawapo iliyo uwanjani. Naomba ZIFF, ambalo limekuwa likiwaonesha watu filamu Ngome Kongwe tangu mwaka 1998, lipewe uwezo wa kuvuka mkondo na kuja huku kwa siku zisizopungua zile linazokaa mjini, na lisituletee zile zilizobaki. Naomba filamu hizo ziingizwe sauti za Kiswahili. Tamthilia za Kituruki zinaingizwa sauti za Kiswahili kila siku, mama zetu wanawajua masultani wa Kituruki kwa majina, kwa hiyo haiwezekani tukaambiwa kuwa filamu ya Khartoum, mji ulio karibu zaidi nasi kuliko Istanbul, ni ngumu kutafsirika. Waigizaji wa sauti tunao, na lahaja za kutosha tunazo. Na naomba wenye vibanda waalikwe kwenye mazungumzo haya, wapewe filamu hizo kwa bei nafuu na kwa njia halali, maana wao ndio wanaojua saa ngapi mtu wa Konde au Mkoani yuko tayari kukaa kitako.

Mwanzo mdogo wa kujaribia upo. Kombe la Mapinduzi litakaporudi Gombani, chagueni usiku mmoja usio na mechi, muioneshe Vuta N'kuvute, bure kwa wanafunzi na kwa kiingilio cha mzunguko kwa watu wazima. Jukwaa lipo na watu watakuja, kwa sababu wageni wa mashindano watakuwa wamelala Chake Chake bila ya jambo la kufanya baada ya sala ya Isha. Projekta inakodishwa mjini. Kama linalokwamisha ni mtu wa kufunga waya na spika, Wete tuna mafundi, na nitawaleta mwenyewe.

Wasalaam,

Mtazamaji wa mpira na filamu,
Wete, Kaskazini Pemba